Ingia Mara Mbili

Siku za giza, ukiteremka Kibirizi, mwaloni Kigoma, alfajiri, harufu ya dagaa inakupokea kabla ziwa halijaonekana. Mitumbwi inarudi taa zikiwa zimezimwa, ndoo zinapokezanwa, na bei zinapigiwa kelele kwa Kiswahili na Kiha kwa pamoja. Nyuma ya chanja za kuanikia kuna stoo moja ya mabati. Mwenye stoo ni mama mmoja anayenunua dagaa wabichi, anawaanika, anawafunga kwenye magunia na kuwasafirisha Dar es Salaam. Hesabu zake zote zilikuwa kwenye kaunta buku. Kaunta buku ilipolowa mara ya tatu, akaniita.

Nikamtengenezea programu ndogo kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti. Unaingia kwa jina na neno la siri, unaandika uzito wa kila gunia, unaona nani anadai na nani anadaiwa. Kwenye laptopu yangu, nyumbani Mwanga hapahapa mjini, ilikuwa inateleza kama mawese. Ijumaa nikaipandisha kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali inayotunza tovuti za watu, nikamtumia anwani kwa WhatsApp, nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa nusu ya fedha yake.

Jumatatu simu ikaita kabla jua halijachomoza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiki kitu chako kinanisahau. Nikiingia nakuta karatasi nyeupe. Nikirudi nyuma kinaniuliza tena mimi ni nani."

Nikatoa lile jibu ambalo mafundi wa kompyuta tungekuwa tunatozwa faini kila tunapolitoa: "Mbona kwangu inafanya kazi, mama?"

"Basi niletee hiyo ya kwako."

Neno lake, kusahau, lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Seva ya wavuti huzaliwa ikiwa msahaulifu. Kila ukurasa unaoomba, kwake wewe ni mgeni aliyefika sasa hivi, hata kama sekunde mbili zilizopita ulikuwa unazungumza nayo. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, na ndiyo maana PHP, ilipofika toleo la 4 mwaka 2000, ilikuja na sesheni, yaani njia ya kumkumbuka mgeni kutoka ukurasa hadi ukurasa, ndani yake badala ya kumwachia kila mtu ajitengenezee za kwake.

Namna inavyofanya kazi, mtu yeyote aliyewahi kupeleka mahindi mashineni anaielewa. Unaacha debe lako, unapewa kipande chenye namba. Ukirudi, hakuna anayekutazama usoni. Unatoa kipande, wanakutafutia debe lenye namba hiyo. Kuki inayoitwa PHPSESSID ndiyo kipande, na kinakaa kwenye simu yako. Debe ni faili dogo kwenye seva, jina lake linaanza na sess_ kisha namba ileile. Kazi ya amri ya session_start() ni kukipokea kipande na kulifungua debe. Kama huna kipande inakuandikia kipya, inakitia kwenye jibu, na kivinjari kinakihifadhi. Kila ukurasa lazima uiite upya, kwa sababu kila ukurasa ni safari mpya ya mashineni.

Kuna sharti moja hapo lililonitesa siku mbili. Kipande kinasafiri kwenye bahasha, hakisafiri ndani ya barua. Jibu la seva lina vichwa kwanza, maelezo ya kivinjari ambayo wewe huyaoni, kisha ndiyo maandishi ya ukurasa. Herufi moja ya ukurasa ikishatoka, hata nafasi tupu, bahasha imefungwa na kipande hakiingii tena. Amri ya kumhamishia mtu ukurasa mwingine nayo inapitia kwenye bahasha hiyohiyo, na hiyo ndiyo iliyomletea mama karatasi nyeupe. Aliingia vizuri, lakini seva ilishindwa kumpa kipande na ikashindwa pia kumwambia aende wapi.

Haya yote niliyajua. Nilifungua faili langu la kwanza nikatazama mstari wa 1: alama ya kufungulia PHP, hakuna nafasi, hakuna kitu. Nikachapisha yaliyomo kwenye $_SESSION, jina ambalo PHP inaliita debe, chini ya ukurasa wa kuingilia, jina la mama likatokea. Sasa sesheni si ipo? Hapo ndipo nilipojidanganya. $_SESSION inakubali kuandikwa hata kama sesheni imekataa kuanza. Ndani ya ukurasa huohuo inakuonyesha ulichoandika, kama mtu aliyeandika deni kwenye kiganja. Ukinawa, limekwenda. Kipimo cha sesheni ni ukurasa wa pili, wa kwanza utakuonyesha chochote unachotaka kuona.

Seva ya kukodi huwa haionyeshi makosa kwa mgeni, na inafanya vizuri. Inayaandika pembeni, kwenye faili la kumbukumbu za makosa, ambalo nililifungua siku ya pili jioni, baada ya kubadilisha kila kitu kisichohusika. Lilikuwa limejaa sentensi moja: sesheni haiwezi kuanza, vichwa vimeshatumwa. Na likataja mahali: faili la mipangilio, mstari wa 1. Siyo faili nililokuwa nikilikodolea macho. Ni lile lenye neno la siri la hifadhidata, ambalo kila ukurasa unalivuta ndani kabla ya kitu kingine chochote.

Nikakumbuka. Ijumaa ile umeme ulikatika, laptopu ikazima, na nikaenda kumalizia kazi kwenye duka la kuchapa barua mjini. Nilibadilisha neno la siri kwa Notepad ya Windows ya zamani. Notepad hizo, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2019, ukizitaka zihifadhi kwa UTF-8, mtindo wa kawaida wa kuhifadhi herufi, zilikuwa zinapachika baiti tatu mwanzoni mwa faili: EF BB BF. Huzioni kwa macho. PHP inaziona, na kwa kuwa ziko kabla ya alama yake ya kufungulia, inazichukulia kuwa maandishi ya ukurasa na kuzituma. Bahasha imefungwa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba nililishusha faili lilelile nyumbani na likafanya kazi. XAMPP, seva ya majaribio iliyo kwenye laptopu yangu, inakuja na mpangilio wa output_buffering uliowekwa 4096, maana yake maandishi hayatoki moja kwa moja, yanasubiri kwanza kwenye beseni hadi yafike baiti 4096 au ukurasa uishe. Kwa hiyo kwangu zile baiti tatu zilikuwa zimekaa zinasubiri, na vichwa vikawahi. Kwenye seva ya kukodi beseni halikuwepo. Nikahifadhi faili upya bila zile baiti, na nikaondoa alama ya kufungia PHP mwishoni mwa kila faili, maana mstari mtupu baada ya alama hiyo unaleta balaa lilelile. Mama akaingia. Simu zikakoma.

Zikakoma kabisa. Wiki moja, zaidi ya wiki. Nikaanza kujisifu, nikamsimulia rafiki yangu pale stesheni jinsi baiti tatu zilivyoweza kusimamisha biashara ya dagaa. Nilisahau kutazama juu. Ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanashona nyavu na kulala, na stoo ya mama haina cha kupima. Hakuna aliyekuwa anaigusa programu yangu. Ukiishi Kigoma, usitangaze kuwa mfumo wa mwaloni umepona kabla giza halijarudi.

Giza likarudi.

"Mwanangu, kile kitu bado kinanisahau."

"Karatasi nyeupe tena?"

"Hapana, siku hizi kinanirudisha mlangoni. Naingia, kinaniuliza tena. Naingia mara ya pili, kinakubali. Siku nyingine kinakubali mara moja."

Nisomeeni tena maneno hayo. Mama alinipa jibu zima kwa sentensi nne, nami nikalisikia kama malalamiko. Nikamwambia nitaangalia, nikakaa kwenye kiti changu Mwanga na kuanza kubahatisha.

Nikarefusha maisha ya kuki. Haikusaidia. Nikakagua kama kila amri ya kuhamisha ukurasa ina exit, amri ya kusimamisha programu, baada yake, kwa sababu jamaa yangu mmoja Kasulu aliwahi kuumizwa na hilo: alimhamisha mtumiaji, lakini programu yake ikaendelea kukimbia nyuma hadi kwenye mstari unaofuta sesheni. Zangu zilikuwepo. Nikakagua kama kuki imelazimishwa kupita kwenye njia salama tu huku tovuti ikifunguliwa bila kufuli. Kivinjari hukitupa kipande cha namna hiyo kimyakimya. Haikuwa hivyo. Rafiki wa Tabora akaniuliza kama mama anarudi kutoka kwenye tovuti ya malipo, maana tangu mwaka 2020 Chrome haipeleki kuki za kawaida pale tovuti nyingine inapomrudisha mteja kwako kwa fomu ya POST. Mama halipii chochote, yeye anapima tu.

Halafu nikafanya upumbavu wenye nia njema. Nilisoma mahali kwamba ni usalama kumbadilishia mtumiaji kipande, nikaweka session_regenerate_id(true) kwenye kila ukurasa. Kumbadilishia kipande anapoingia ni jambo jema, linazuia mtu mwingine kumpachika kipande anachokijua yeye. Kufanya hivyo kila ukurasa, na ile true inayochoma debe la zamani papo hapo, ni jambo lingine, hasa ziwani. Seva inaandika kipande kipya na kuchoma cha zamani. Jibu linapotea njiani kwa sababu mtandao wa simu umeyumba. Simu inarudi na kipande pekee ilicho nacho, ambacho kimeshachomwa. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya kwamba amri hiyo haiendi vizuri na mtandao usiotulia, na unataja mitandao ya simu. Onyo hilo nililisoma baadaye. Mama alipiga simu mara tatu siku hiyo. Nikaiondoa, nikaibakiza kwenye kuingia tu, bila true.

Asubuhi iliyofuata nikapanda bodaboda nikateremka Kibirizi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ndani ya stoo ni ukuta. Mama anaandika mambo muhimu kwenye bati kwa kalamu ya wino mzito: bei ya ndoo, namba ya dereva, majina mawili ya wadaiwa sugu. Chini yao, kwa herufi kubwa: SIMU YA MZANI – INGIA MARA MBILI. Kosa langu lilikuwa limeshakuwa sheria ya kazi. Vijana wawili wa kupima walikuwa wamefundishwa hivyo.

"Nionyeshe, mama."

Akafungua WhatsApp, akapanda juu hadi kwenye ujumbe wangu wa Ijumaa ile, akabonyeza anwani niliyomtumia. Akaandika jina. Akaandika neno la siri. Akabonyeza. Ukurasa wa kuingia ukarudi, mtupu, hauna habari naye. Akanitazama bila kusema kitu, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi aone mwenyewe. Sikuona. Akarudia, akaingia.

Nilikuwa nimeandaa ukurasa mdogo wa majaribio, ambao siku hizi ndio kitu cha kwanza ninachopandisha kwenye seva yoyote:

<?php
session_start();
$_SESSION['hesabu'] = ($_SESSION['hesabu'] ?? 0) + 1;
echo session_id(), '<br>', $_SESSION['hesabu'], '<br>', $_SERVER['HTTP_HOST'];

Unaufungua, unauonyesha upya mara kadhaa, unasoma mistari mitatu: namba ya kipande, hesabu, na anwani uliyoifungua. Kama namba ya kipande inabadilika kila mara, kipande hakirudi kutoka kwenye kivinjari. Shughulika na kuki. Kama namba haibadiliki lakini hesabu imegoma kwenye 1, kipande kinafika na debe ndilo halipo: diski imejaa, au PHP hairuhusiwi kuandika kwenye folda ya session.save_path, pale madebe yanapowekwa. (Kama use_strict_mode, mpangilio unaokataa kipande kisicho na debe, imewashwa, debe likikosekana kipande nacho kitabadilika, kwa hiyo itazame hiyo kwanza.) Kwa dakika moja unajua uende upande gani, na hapo ndipo nilipotakiwa kuanzia badala ya kuwapigia watu simu hadi Tabora.

Kwenye simu ya mama hesabu ilipanda vizuri: 1, 2, 3. Kipande kilekile. Kila kitu kizima. Nikakaribia kukata tamaa, hadi nilipousoma mstari wa tatu. Ulianza na www.

Mimi sijawahi kuandika www maishani mwangu. Naandika jina la tovuti likiwa uchi, na hata kwenye faili la mipangilio nililiandika hivyo, kama anwani kamili ya kumpeleka mtu baada ya kuingia. Lakini ile Ijumaa, kwenye ujumbe, nilitaka uonekane wa heshima, nikaanza na www.

Kuki isiyopangiwa eneo (domain) ni mali ya anwani iliyoitoa, na hiyo peke yake. Jina lenye www na jina lisilo na www, hata kama yanafungua faili zilezile kwenye seva ileile, kwa kivinjari ni mashine mbili za kusaga. Mama alikuwa anaingilia mlango wenye www, anapewa kipande cha hapo. Programu yangu inamshika mkono na kumhamishia mlango usio na www. Pale anaulizwa kipande, hana, anarudishwa kuingia. Lakini sasa amesimama kwenye mlango wa pili! Akiingia tena anapewa kipande cha mlango huo, anahamishiwa mlango huohuo, anakubaliwa. Ingia mara mbili. Na zile siku ilipokubali mara moja? Kipande cha awali cha mlango wa pili kilikuwa bado kipo kwenye simu na debe lake halijafagiliwa. Kila neno lake lilikuwa kweli.

Ningeweza kutengeneza kuki moja inayotambuliwa na milango yote miwili kwa kuipangia eneo. Nikaamua kufunga mlango mmoja. Anayekuja na www anahamishiwa jina tupu kabla hata hajaona fomu ya kuingia, na amri zangu za kuhamisha ndani ya programu hazitaji tena anwani kamili. Nikaifanya kazi hiyo palepale, nimekaa juu ya gunia. Mama akajaribu. Mara moja, ndani.

"Haya," akasema. "Na ile ya kunifukuza katikati?"

"Ipi hiyo, mama?"

Kumbe kulikuwa na nyingine, ambayo hakuwahi kuniambia kwa sababu aliamini ni ileile. Anafungua fomu ya mzani, anaanza kuandika uzito, gunia baada ya gunia. Katikati anakuja mteja, wanavutana bei, anakunywa chai, anarudi, anamalizia, anabonyeza hifadhi. Ukurasa wa kuingia. Magunia yote yamepotea na inabidi yapimwe upya, na vijana wananuna.

PHP bila kuguswa inaruhusu debe lililokaa bila kufunguliwa kwa sekunde 1440 kufagiliwa. Ni dakika 24. Kuandika kwenye fomu hakuhesabiki, kwa sababu seva haijui unaandika. Kwake umepotea tangu ulipofungua ukurasa. Dakika 24 zinamtosha mtu wa benki. Mwaloni, mazungumzo ya bei peke yake yanazimaliza.

Nilishawahi kuongeza muda huo, unaoitwa gc_maxlifetime, ukawa wa saa nane nzima, ile siku ya kubahatisha, na sasa nikaelewa kwa nini haikubadilisha lolote. Kwenye seva ile tovuti nyingi zilikuwa zinaweka madebe yao kwenye folda moja. Mfagiaji wa tovuti ya jirani hajui debe lipi ni la nani. Akipita na sheria yake ya dakika 24, anafagia na langu. Kwenye folda ya pamoja, mwenye muda mfupi ndiye anayeamua kwa wote. Dawa ni kuwa na folda yako, nje ya sehemu inayofunguliwa na wageni, na kuitaja kwenye session.save_path kabla ya session_start(). Lakini tahadhari: Debian na ndugu zake, aina za Linux zinazotumika kwenye seva, wanazima mfagiaji wa PHP na kuweka wa kwao anayepita kwa ratiba, na huyo folda yako ya pembeni anaweza asiijue kabisa. Nilipolisahau hilo, baada ya miezi kadhaa nilikuta maelfu ya mafaili ya sess_. Weka gc_probability iwe 1 ili PHP ifagie yenyewe.

Hata hivyo sikutaka magunia ya mama yategemee sesheni. Nikaigeuza fomu ihifadhi kila gunia linapoandikwa, moja moja, kwenye hifadhidata. Kila gunia sasa ni ombi kwa seva, na kila ombi linamwambia mfagiaji kwamba mwenye debe yupo. Ningeianza hivyo tangu mwanzo kama ningekuwa nimeshinda hata asubuhi moja stoo kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Mwezi uliopita nilipita Kibirizi kununua migebuka, nikaingia kumsalimia. Kulikuwa na kijana mpya kwenye mzani. Akashika simu, akaingia, ukurasa wa magunia ukafunguka bila shida yoyote. Akabonyeza toka. Akaandika tena jina na neno la siri, akaingia upya, ndipo akaanza kupima.

Nikamuuliza kwa nini. Akaninyooshea kidole ukutani.